Babu wa Duga, Mpaka wa Horohoro na Historia ya Diski ya Nje

Waungwana, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Si uvivu, wala sijaacha uandishi nikaenda kufanya kazi benki kama mama yangu anavyoomba kila Ijumaa. Nilikuwa msibani. Misiba miwili kwa mpigo: mmoja wa mtu, mwingine wa diski. Na kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani nimelazimika kusoma kwa makini kabla ya kununua kifaa, nimeona nisibaki na mambo haya peke yangu.

Hadithi inaanzia Horohoro. Kwa ambao hamjafika, Horohoro ni mpaka wetu na Kenya kwa upande wa pwani, kilomita 65 hivi kutoka Tanga mjini. Ng'ambo ni Lunga Lunga, na ukiendelea na barabara hiyo hiyo unafika Likoni, unavuka feri, uko Mombasa. Mstari wenyewe walituchorea Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Jipe, na walipouchora hawakumuuliza Mdigo wala Msegeju. Ndiyo maana mpaka leo mtu ana shangazi Vanga na mjomba Moa, mmoja Mkenya mwingine Mtanzania, na wote wanazikana.

Nilitumwa huko na mhariri wangu kuandika makala ya mpaka. Siku hizi pana kituo cha huduma za pamoja, unasimama mara moja tu upande wa nchi unayoingia, tofauti na zamani ulipogongewa mhuri hapa kisha ukaenda kupanga foleni nyingine kule. Barabara ni lami tupu, iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani kupitia MCC, ule mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Dar es Salaam Februari 2008 Rais Bush alipokuja. Makala kama hiyo unaiandika ukiwa umelala. Lakini mtu wa forodha akaniambia, kaka, kama unataka mambo ya mpaka wa zamani nenda Duga Maforoni, yuko babu mmoja huko alikuwa utingo wa malori.

Nikaenda. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kaa, na hakuniacha niinuke mpaka saa mbili na ushee zilipokatika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inakufa, Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Yeye alikuwa kijana, lori lao liko upande wa pili na dereva wake, yeye yuko huku. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Miaka sita na miezi! Alinieleza watu walivyovuka kwa mitumbwi usiku kwenda kuzika, harusi iliyofungwa bwana harusi akiwa hayupo, na namna walivyoijua sauti ya gari la doria kabla taa zake hazijaonekana. Nilirekodi kila kitu kwa kamera. Kwenye simu pia niliwasha kinasa sauti, nikasahau, kikazima chenyewe chaji ilipoisha.

Jioni ile nikahamishia video kwenye diski yangu ya nje, mtaani tunaiita ekstano, kwa sababu laptopu ilikuwa imejaa. Nikaisafisha kadi ya kamera ili niitumie kesho yake. Hapo wataalamu mmeshaanza kutikisa vichwa. Najua.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye mgahawa pale pale Horohoro, chai na mahamri mbele yangu, laptopu kwenye meza ya plastiki, diski inakopi video za siku hiyo. Kulikuwa na GB 60 hivi na ile diski ilikuwa kongwe, ya USB 2.0. Ingechukua nusu saa nzima. Dakika ya ishirini mtu akapita nyuma yangu na begi, begi likanasa waya, diski ikaenda chini kwenye sakafu ya saruji. Haikuwa mbali, urefu wa meza tu. Nikaiokota, nikaichomeka tena. Tk. Tk. Tk. Kimya. Tk. Tk. Tk.

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu na mjukuu. Babu amefariki. Familia inajiandaa kwa arobaini, na shangazi yake anauliza kama ile sauti ya babu ninayo, maana hakuna mwingine aliyewahi kumrekodi.

Fundi niliyempelekea diski Dar aliitega sikio kama daktari, akanirudishia. Kufungua diski ya namna ile kunahitaji chumba kisicho na vumbi na vifaa ambavyo yeye hana, na bei aliyonitajia ya kuipeleka nje ya nchi inazidi laptopu yenyewe. Nikajua kwamba (a) nahitaji diski mpya, na (b) safari hii lazima niwe nayo ya haraka. Kasi nilikuwa naiona ni anasa ya wacheza gemu. Kumbe ile nusu saa ndiyo iliyoniua. Kama kukopi kungechukua dakika mbili, ningeshafunga begi na kuendelea na mahamri yangu kabla yule bwana hajapita.

Basi nikaanza kusoma, na ukianza na diski huwezi kuacha.

Diski ya kwanza ya sumaku kuuzwa kibiashara ilitoka IBM mwaka 1956, iliyotengenezwa San Jose, California. Ilikuwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, yaani karibu sinia ya pilau ya watu kumi, zimepangwa kwenye kabati lenye uzito wa tani moja. Ujazo wake? Herufi milioni 5, kwa hesabu ya leo ni kama MB 3.75. Nikapiga hesabu kwa ajili ya kujiliwaza: video zangu za siku ile moja zingehitaji makabati 16,000. Foleni ya malori ingefika Tanga.

Sisi tuliingiaje? Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, mashine zikawa ghali na wataalamu wa kigeni wakawa ghali zaidi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, marufuku, pamoja na televisheni. Zuio hilo lilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Nikiwa chuo nililisikia kwa mwalimu mmoja nikadhani anatutania. Sasa ukiweka tarehe hizo sambamba unaona kitu: kati ya 1977 na 1983 babu wa Duga alikuwa amefungiwa mpaka, na nchi nzima ilikuwa imefungiwa kompyuta. Na ni miaka hiyo hiyo ambapo huko Marekani diski ilishuka kutoka kabati hadi boksi. Mwaka 1980 kampuni iliyokuja kuitwa Seagate ilitoa ST-506, diski ya inchi 5.25 ya MB 5, inayoenea ndani ya kompyuta ya mezani. Mwaka 1988 ikaja ya kwanza ya inchi 2.5. Hiyo ndiyo saizi iliyomo ndani ya ekstano nyingi za mfukoni mpaka leo.

Na kumbukumbu zetu sisi zilikuwa wapi wakati huo? Kwenye mikanda na santuri. Hapa Tanga palikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na santuri zao zilichapishwa Nairobi kwa sababu Tanzania hapakuwa na kiwanda cha kuzichapisha. Wale ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia Jamhuri Jazz hapa hapa, wakapita Arusha, mwaka 1971 wakahamia Mombasa, ndiyo tukapata Simba Wanyika. Muziki wa Tanga ulivuka mpaka ili upate pa kuhifadhiwa. Mikanda ya Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikaa rafuni kwa maelfu, na imekuwa kazi ya miaka kujaribu kuiingiza kwenye kompyuta kabla haijaoza. Kwa hiyo mimi na diski yangu inayogonga tk tk hatukuanzisha tatizo hili.

Sasa turudi kwenye kasi, maana hapo ndipo wengi tunapigwa.

USB ya kwanza ilitoka mwaka 1996, na ile 1.1 iliyoenea ni ya 1998. Kasi yake ya juu ni megabiti 12 kwa sekunde, ambayo ukikopi faili unapata kama MB 1. GB 60 zangu zingechukua saa 16 na dakika 40. Mwaka 2000 ikaja USB 2.0, megabiti 480 kwenye karatasi, MB 30 hadi 35 mezani: ile nusu saa yangu. Mwaka 2008 wakatangaza USB 3.0, gigabiti 5. Hapo kitu cha ajabu kikatokea: waya ukaipita diski. Diski ndogo ya kuzunguka hufanya mizunguko 5,400 kwa dakika, na hata ukiipa barabara ya njia nane, yenyewe hutoa MB 100 hadi 130 kwa sekunde tu. GB 60 inakuwa dakika 8 hivi. Si mbaya. Lakini ukinunua diski ya kuzunguka kwa sababu boksi limeandikwa "gigabiti 5", umenunua spidi ya barabara, hujanunua spidi ya gari.

Gari jipya ni SSD. Hii haina sahani, haizunguki, ni chipu tu, teknolojia ya flashi iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. SSD za nje za kawaida hutoa MB 500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo GB 60 ni dakika 2. Zile za gigabiti 10 hufika MB 1,000, dakika moja. Na kama ukikopi folda ya picha elfu kumi ndogo ndogo, tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu kwenye diski ya kuzunguka sindano lazima ihame hame kutafuta kila faili mahali pake.

Sindano hiyo ndiyo iliyomponza babu. Huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wako mmoja ni nanomita elfu themanini hivi. Halafu mimi nikaiangusha ikiwa inaandika! Ingeanguka imezimwa huenda ingepona, maana ikizimwa sindano huegeshwa pembeni.

Wapo wanaosema siku hizi diski ya nini, pandisha mtandaoni. Haya. Nyaya za baharini tunazo, SEACOM ilifika Dar na Mombasa Julai 2009, nyingine zikafuata. Lakini waya wa baharini hauishii kwenye mgahawa wa Horohoro. Nilipata megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha, na hiyo ni siku nzuri. GB 60 kwa kasi hiyo ni zaidi ya saa 26, bila kuhesabu bando. Basi la Tanga kwenda Dar ni saa sita. Maana yake diski iliyo mfukoni mwa abiria inasafiri kwa kasi ya megabiti 22 kwa sekunde, na kondakta anakupa na soda. Mtakumbuka kisa cha Afrika Kusini, Septemba 2009, kampuni moja ilipomfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya GB 4 akaruka kilomita 80 hivi kuelekea Durban. Pamoja na muda wa kukopi alitumia saa mbili na dakika chache. Mtandao wao wakati huo ulikuwa umehamisha asilimia 4.

Nikaingia madukani basi, Tanga kwanza, baadaye Dar. Nitawaeleza nilichojifunza kwa maumivu.

Kwanza angalia laptopu yako mwenyewe kabla ya kuangalia diski. Yangu ina matundu matatu na moja tu ni la 3.0, lile lenye ulimi wa bluu ndani. Miaka yote nilikuwa nachomeka mausi hapo, na diski kwenye yale meusi ya 2.0. Jamani. Na waya pia: USB-C, lile tundu la mviringo lililokuja mwaka 2014, ni umbo tu, si kasi. Waya wa kuchajia simu unaingia vizuri kabisa na unaweza kukurudisha 2.0 bila kukuambia. Tumia uliokuja na diski.

Majina ni vurugu. Waheshimiwa wanaosimamia USB waliichukua 3.0 wakaiita 3.1 Gen 1, wakageuka wakaiita 3.2 Gen 1, na ni kitu kile kile, gigabiti 5. Muuzaji mmoja aliniambia hii ni bei zaidi kwa sababu ni "tatu nukta mbili, mpya". Sikubishana naye, niliomba kuona namba ya gigabiti nyuma ya boksi.

Kama pesa hairuhusu SSD, diski ya kuzunguka si dhambi, kwa ujazo mkubwa bado ndiyo nafuu. Ila fahamu kwamba nyingi ndogo za siku hizi huandika data kwa kupandanisha mistari, kama makuti ya paa. Kuezeka paa jipya ni haraka. Lakini jaribu kubadilisha kuti moja la katikati: lazima uinue yaliyolilalia juu yake kisha uyarudishe. Ndivyo diski hizo zinavyokuwa nzito ukifuta na kuandika kila siku. Kwa kuhifadhi na kuacha, sawa. Kwa kuhariri video moja kwa moja humo, utazeeka.

SSD nazo zina ujanja wake. Zile za bei ya chini zina sehemu ndogo ya haraka mbele na ghala la polepole nyuma. GB za kwanza zinaruka, mbele ya muuzaji unapiga makofi, sehemu ile ikijaa kasi inaporomoka. Ukitaka kuijaribu ipe faili kubwa, GB 50 hivi, usiipe wimbo mmoja. Jambo lingine kwa sisi wa pwani: SSD hushikilia data kwa chaji ya umeme, na joto huifanya chaji ivuje haraka. Usiiache miaka kabatini Tanga ukadhani ni jiwe la kaburi. Ichomeke mara kwa mara. Kwa kumbukumbu za kulala muda mrefu mimi bado naiamini zaidi ile ya kuzunguka, ikae imefungwa, mbali na meza za plastiki.

Za bandia ndizo nyingi kuliko zote. Ukiuziwa "terabaiti 2" kwa bei ya sahani mbili za biriani, ndani mna kadi ndogo iliyofundishwa kudanganya kompyuta. Inapokea faili zako zote kwa adabu na kuandika mpya juu ya zile za zamani. Kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza diski nzima kisha kusoma kilichoandikwa. Inachukua saa nyingi, lakini mimi sasa sitoi risiti mfukoni kabla haijaisha.

Kuhusu bei: wengi huuliza kama Mombasa ni nafuu kuliko Dar, hasa mtu akiwa pale mpakani. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze Januari 2005, kompyuta na diski zake ziko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 0, kwetu na kwao. Kinachobaki ni kodi na tozo nyingine, pamoja na faida ya mwenye duka. Kwa hiyo usivuke mto Umba kwa ajili ya diski, labda kama una shangazi Vanga. Bei huwa zinapanda kwa mambo ya mbali kabisa. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, na dunia nzima ikalipia.

Mwishowe nikanunua mbili. SSD ya GB 500 ya gigabiti 10 kwa kazi za safarini, na ya kuzunguka ya terabaiti 2 inayokaa nyumbani Dar. Zote nimeziweka kwenye exFAT, kwa sababu mhariri wangu ana Mac, na Mac inasoma NTFS lakini haiandiki humo, na FAT32 ya kizamani haikubali faili moja inayozidi GB 4. Mshahara wa mwezi ule sitaki kuuzungumzia.

Ile sauti ya kwenye simu niliyoisahau ilikuwa na dakika 11. Babu anaanza na majina ya wazee wake, kisha anaanza lori lilivyokwama ng'ambo, kisha chaji inaisha. MB 10. Nilipoiburuta kwenye SSD mpya ile bendera ya kuhesabu asilimia haikupata hata muda wa kutokea.

Nikaiweka pia kwenye flashi, Jumamosi nikapanda haisi ya Horohoro, nikashukia Duga. Shangazi aliisikiliza kwa spika ya mjukuu, uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Ilipokatika pale kwenye lori akaniuliza, "Na iliyobaki, mwanangu?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema hiyo habari ya lori anaijua yeye, babu aliisimulia kila Ramadhani, nikae niandike. Safari hii nilikuwa na daftari.